Barua ya wazi kwa wakuu wa Hallmark: turudishieni bahasha

Kwa wakuu wa Hallmark Channel na Hallmark Mystery, na kwako Bi Martha Williamson uliyeibuni tamthilia ya Signed, Sealed, Delivered,

Mimi mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yenu mlio mbali na upeo wa macho yangu. Ndivyo tulivyofundishwa shuleni kuanza barua, na ijapokuwa najua mna shughuli nyingi, salamu siruki. Nawaandikia kwa Kiswahili, tena makusudi. Sababu mtaiona huko mbele.

Mimi ni mzaliwa wa Kwale, Kenya. Sasa niko Georgia, Marekani, kazi yangu ni kutunza wazee majumbani. Zamu yangu huanza saa moja jioni. Nikishampa Bibi dawa zake na kumfunika miguu blanketi, rimoti ni yake, na mimi hukaa kando nikatazama anachotaka yeye. Namwita Bibi kwa sababu nimemzoeza jina hilo, na siku hizi hata wanawe wakipiga simu humwita hivyo hivyo. Yeye ndiye aliyenitia kwenye Signed, Sealed, Delivered. Mwanzoni nilidhani ni yale yale yenu: binti wa mjini mwenye kazi kubwa anarudi kwao siku chache kabla ya Krismasi, anakutana na kijana anayeuza misonobari, theluji inaanguka, wanabusiana, kwisha. Nikatoa simu yangu. Kisha nikamwona mwanamume aliyefunga tai akiishika bahasha chakavu kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota kifaranga, akaigeuza kwanza kabla ya kutaka kujua ni ya nani. Simu nikaiweka chini.

Kwa Waswahili wenzangu ambao bila shaka wataisoma barua hii kabla yenu, nieleze kidogo. Hallmark ni vituo vya runinga vya Marekani, na tamthilia yao hii ilianza kwa filamu mwaka 2013, ikawa mfululizo wa vipindi 10 mwaka 2014, na tangu hapo imekuwa ikija filamu moja moja. Mahali ni Denver, jimbo la Colorado, ndani ya ofisi ya posta inayopokea barua zilizokosa mwenyewe: anwani imefutika, mwandikiwa amehama, bahasha imeangukia nyuma ya mashine ikalala huko miaka. Wafanyakazi ni wanne. Oliver O'Toole, anayeigizwa na Eric Mabius, ndiye mkuu wao: mtu wa kalamu ya wino, kanisa na Shakespeare. Shane McInerney (Kristin Booth) ni mjuzi wa kompyuta aliyetua hapo bila kukusudia. Rita Haywith (Crystal Lowe) akikitia kitu machoni mara moja hakimtoki tena. Norman Dorman (Geoff Gustafson) ana haya mpaka unamhurumia, lakini mpe karatasi iliyolowa atakwambia imetoka wapi. Wanajiita POstables, na mashabiki nao wamelichukua jina hilo wakalifanya lao. Kila barua ni upelelezi, ila hakuna maiti wala bastola. Anayetafutwa ni mtu aliyekuwa akingoja neno.

Hicho ndicho tunachokipenda, mimi na Bibi. Mnajua kuionyesha kazi. Watu wanne wanainamia meza, hakuna muziki mkubwa, wanabishana kama herufi ile ni saba au moja. Runinga ya siku hizi haina subira ya namna hiyo.

Usiku mmoja, baada ya kipindi kwisha, Bibi aliniambia niinamie chini ya kitanda nimtolee bati la biskuti. Ndani mlikuwa na barua za mumewe, zimefungwa kwa utepe ambao zamani ulikuwa wa buluu. Macho yake hayasomi tena maandishi madogo, akaniomba nimsomee. Mnielewe vizuri: mimi, na lafudhi yangu ya Kwale, nikimsomea mwanamke wa Kimarekani maneno ya mapenzi aliyoandikiwa na mumewe kabla mimi sijazaliwa. Kuna mahali aliandika kitu cha faragha kidogo, nikasita. Bibi akasema, "Endelea, yeye hataona aibu tena na mimi sijaona bado."

Nikaendelea, kwa sababu kazi hiyo naijua tangu utoto. Kwetu mimi ndiye niliyekuwa nikisoma barua za watu. Nyanya yangu hakujua kusoma, majirani zake nusu yao vivyo hivyo, na mjomba alikuwa Maskati akileta barua kila baada ya miezi. Barua ikifika, naitwa kutoka mchezoni, nanawishwa mikono kwanza, halafu nakalishwa kwenye mkeka katikati ya watu wazima. Ningesoma mara ya kwanza kwa ajili ya habari, mara ya pili kwa ajili ya salamu za kila mtu kwa jina lake, na mara ya tatu nyanya angesema, "Rudia pale alipotaja mvua." Barua ni nusu ya kuonana, wahenga walisema, na nyanya aliitaka nusu yake yote. Nikimwona Oliver anakataa kufungua bahasha mpaka wenzake wote wamekaa, naukumbuka mkeka ule.

Sasa malalamiko.

La kwanza ni harusi. Jamani. Oliver na Shane walikutana mwaka 2013, na kuoana kwao tumekuona mwaka 2021. Miaka minane ya "Bi McInerney" na "Bwana O'Toole"! Kwetu wazee wangeshaitwa, posa ikapelekwa, na watoto wawili wako chekechea. Sisemi tusione mapenzi; Bibi aliwalilia siku ile mpaka nikampimia shinikizo la damu. Ninachosema ni kwamba kadiri penzi lao lilivyonenepa, ndivyo bahasha zilivyokonda. Katika vipindi vile 10 vya 2014 barua ndiyo iliyokuwa bibi harusi. Katika filamu za mwisho mwisho nimejikuta nikiuliza, "Na ile barua ya mwanzo imeishia wapi?" kumbe ilishafikishwa nikiwa jikoni nachemsha maji. Nilitoka kwa dakika tano.

La pili ni kungoja. Filamu ya 2018, kisha kimya hadi 2021, kisha kimya hadi 2024. Watazamaji wenu wengi ni watu wa umri wa Bibi. Huwezi kumwambia mtu wa umri huo asubiri miaka mitatu ajue mambo yameendeleaje. Rudisheni vipindi vifupi, hata sita kwa mwaka. Hatuhitaji Paris wala helikopta. Tupeni meza, taa na barua. Denver yenyewe tunajua mnaipigia filamu Vancouver, Kanada, na hatujawahi kuwadai nauli.

Watu hulalamika kwamba mnadanganya kuhusu posta, na hapo nawatetea. Ofisi halisi ya barua zilizokosa mwenyewe haiko Denver, iko huku kwetu Atlanta. Wamarekani walianzisha ofisi ya namna hii mwaka 1825, na siku hizi mzigo wenye thamani usiopata mwenyewe hupigwa mnada, na barua isiyo na thamani ya fedha, ikikosa anwani hata baada ya kufunguliwa, huharibiwa. Hakuna wafanyakazi wanne wa kuishughulikia barua moja kwa saa moja na nusu. Lakini nilipozidi kusoma habari zake nikakuta ukweli unaowapita. Mwishoni mwa karne ya 19 ofisi hiyo ilikuwa Washington, ikiajiri wanawake na wachungaji wastaafu kwa sababu waliaminika mbele ya pesa za watu. Alikuwepo humo mama mmoja, Patti Lyle Collins, aliyesifika kwa kusoma anwani zilizowashinda wote. Barua ikija imeandikwa "Kisiwani" tu, basi, yeye alijua kuna sehemu ya mji wa Wheeling, West Virginia, ambayo wenyeji huiita hivyo. Kwa hiyo anayesema Rita wenu ni wa kubuni tu, mtajieni huyo mama.

Ugomvi wangu wa kweli na ninyi uko kwingine. Oliver anaamini kwamba barua haichelewi. Hufika siku ile ile iliyopangiwa kufika, hata ikipita miaka. Imani hiyo ndiyo nguzo ya tamthilia nzima, na Bibi anaikubali kama anavyokubali Zaburi. Mimi nina dada.

Dada yangu mkubwa alifanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1993, akapasua. Kijiji kizima tulikuwa tukitumia sanduku la posta la mwenye duka mmoja. Barua ingekuja na jina lako, chini yake jina lake, chini yake S.L.P. Posta yenyewe ilikuwa mbali, na ufunguo wa sanduku ulikuwa mmoja, kwenye kamba shingoni mwake. Januari ile akasafiri kwenda matangani bara, na kamba yake shingoni. Matanga yakazaa kesi ya shamba, kesi ikamkalisha huko. Aliporudi alituletea bahasha ya kaki yenye muhuri wa serikali: dada ameitwa kidato cha kwanza, shule ya bweni, na tarehe ya kuripoti ilikuwa imepita kwa wiki mbili na siku kadhaa. Baba alimshika mkono wakapanda matatu alfajiri ile ile iliyofuata, na sanduku la bati alilokopa kwa jirani. Nafasi ilikuwa imeshapewa mwingine. Wakarudi jioni. Nakumbuka sanduku lile likiwekwa sakafuni bila kufunguliwa, na mama akisema kwa sauti ndogo kwamba lirudishwe kwa wenyewe kabla halijapata mkwaruzo.

Mwenye duka hakuwa mtu mbaya. Alikuja akaomba radhi, akaleta sukari kilo mbili. Dada akapelekwa kujifunza cherehani.

Nilimtumia dada kipande cha Oliver akiyasema maneno yale, nikamtafsiria kwa sauti kwenye WhatsApp. Jibu lake lilikuja saa mbili baadaye, baada ya kufunga duka: "Huyo Oliver wenu mshahara wake unaingia mwisho wa mwezi, barua ichelewe isichelewe." Nikacheka peke yangu jikoni kwa Bibi mpaka nikaulizwa nina nini. Bibi, nilipomweleza, hakucheka. Alisema huenda Mungu alimtaka dada kwenye cherehani. Ndivyo alivyosema mama yangu pia mwaka ule, na ndivyo anavyosema mpaka leo, akitaja kwamba dada ana mashine tatu na wasichana wawili anaowafunza. Dada akisikia hivyo hujibu tu, "Na hesabu?" Alikuwa wa kwanza wilayani kwa hesabu. Bahasha ile ya kaki bado anayo, iko chini ya nguo zake za Idi.

Wakuu, siwaombi muikane imani yenu. Mna haki nayo, na watu wanaitafuta. Ndiyo maana hawaendi kutazama za bastola. Naomba kisa kimoja tu ambamo barua imechelewa kweli. Waifikishe kwa mwanamke wa miaka hamsini, aifungue, aisome, aikunje vizuri, awaambie, "Ahsanteni kwa kuileta. Ingenifaa zamani." Halafu Oliver asimame pale mlangoni bila nukuu ya Shakespeare. Mwigizaji wenu anaiweza kimya hiyo. Nimeuona uso wake siku mkewe wa kwanza, kabla ya Shane, aliporudi kutoka Paris. Na dada yangu, licha ya maneno yake yote, aliniandikia usiku ule ule: "Nitumie inayofuata." Mtazamaji wa namna hiyo hamumpotezi kwa kisa kichungu. Mnampoteza kwa harusi nyingine tena.

Na sasa niwaambie kwa nini Kiswahili.

Mwenzangu wa zamu ya asubuhi ni mama wa Bukavu, Kongo, aliyekaa miaka mingi kambi ya Nyarugusu, Kigoma, kabla ya kuletwa Marekani. Mara nyingine huja mapema tukamalizia filamu pamoja. Ile ya Krismasi, ya mtoto aliyemwandikia Mungu barua, aliitazama amesimama na mkoba begani, hakukaa. Kisha akaniambia kwamba kambini barua zao hazikuwa na bahasha. Zilikuwa za Msalaba Mwekundu: karatasi moja, iliyo wazi, unaandika habari za familia peke yake, nani yu hai, nani amezaa, nani hayupo tena, siasa usiguse, mahali pa majeshi usitaje. Inapelekwa kutafuta mtu ambaye pengine naye amekimbia, na anwani yake ni jina la baba, la mama, na kijiji ambacho huenda kimeshaungua. Yeye aliandika nne. Moja ilijibiwa, na nduguye. Jibu lilikuwa na mistari sita, na mstari mmoja wote ulikuwa wa kuuliza kama bado anachukia samaki wa kukausha.

Wenye kuandika tamthilia ya barua zilizopotea wakose kisa kama hicho? Na msiniambie Denver ni mbali na Kongo. Mlango wa pili tu kutoka Denver kuna Aurora, mji uliojaa watu waliofika kama wakimbizi na wahamiaji: Wakongo, Waethiopia, Wasomali, watu wa Burma na wa Bhutan. Barua za mji huo zinapotea kama za wengine, tena kwa urahisi zaidi, maana jina lenye herufi kumi na nne likiandikwa na mtu anayelisikia kwa mara ya kwanza huwa majina matatu tofauti kwenye masanduku matatu. Ileteni moja mezani kwa Oliver. Iwe ya Kiswahili. Rita ataikumbuka kila herufi na asijue hata moja ina maana gani. Shane ataitia kwenye kompyuta na itamtolea upuuzi, hasa mwandishi akiwa ametumia Kiswahili cha Bukavu. Norman atainusa karatasi aseme ina harufu ya moshi wa kuni, na atakuwa amekosea kwa mara ya kwanza. Ni mafuta ya mawese. Itawabidi watoke, waende Aurora, wagonge milango, wakaribishwe chai, wakalishwe, waulizwe habari za wazazi wao kabla hawajaruhusiwa kusema walichojia. Kwa mara moja wao ndio wawe watu wasioweza kusoma, na mtoto wa miaka tisa aitwe kutoka mchezoni awasomee.

Msisahau kumnawisha mikono.

Nimeiandika barua hii kwa mkono, kurasa tano, kwa zamu tatu. Jana usiku Bibi aliona nafunga bahasha akauliza namwandikia nani. Nikamwambia. Akatoa stempu kwenye pochi yake, zile ambazo bei ikipanda bado zinafaa, akailamba kwa mazoea ingawa za siku hizi zina gundi yake, kisha akacheka mwenyewe. Akauliza kama nimeandika kwa Kiingereza. Nikamjibu hapana.

"Basi haitawafikia," akasema. "Itaishia Atlanta."

Nikamwambia si mbali, nitaifuata.

Wasalaam,
Mtazamaji wenu, zamu ya usiku, Georgia